Pale Mpira Usipodunda

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi kwetu Tunduma na sanduku la bati na, ndani ya gunia la kahawa, mpira wa kikapu uliokwisha tobolewa na kuzibwa mara mbili. Padri aliyetufundisha mchezo ule chuoni alinipa akisema hautamaliza mwaka. Ulimaliza mitatu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijaoa, nafundisha hesabu katika shule ya misheni iliyokuwa kando ya barabara ya Mbozi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mpakani.

Siku zile, chini ya Mwingereza, kulikuwa na ligi ya mpira wa kikapu iliyoitwa ya Tanganyika nzima, ingawa kwa upande wetu Tanganyika hiyo iliishia Mbeya. Ikaja barua shuleni. Mwalimu mkuu alipoona neno kikapu alidhani ni mambo ya soko, akataka kuipeleka kwa akina mama. Nikaisoma mimi. Ligi ilikuwa inataka kuongeza timu moja kutoka pande za mpakani, kama itapatikana yenye watu wa kutosha na uwanja wa maana. Katibu wa ligi angekuja mwenyewe kukagua majira ya baridi.

Watu niliwapata upesi kuliko nilivyotarajia. Wa kwanza alikuwa nyapara wa barabara, Mnyiha wa Ihanda, mtu mrefu ambaye akinyoosha mkono anagusa paa la nyumba yangu. Wa pili karani wa forodha, mtu wa pwani, mpole, msomaji wa magazeti, asiyependa mambo ya uganga hata kuyasikia. Halafu walimu wenzangu wawili, na ndugu wawili wa Kinamwanga ambao nyumba yao ilikuwa ng'ambo, upande wa Rodesia, lakini shamba lao upande huu. Pamoja nami tukawa saba.

Uwanja ndio uliotutaabisha. Kwetu ardhi tambarare hailali bure. Watu wanapelekana barazani kwa upana wa tuta moja la mahindi. Lakini chini ya shule, kati ya barabara na kijito, palikuwa na kipande kilichonyooka kama meza, nyasi tupu, wala jembe halijapita. Nikaenda kwa jumbe na jogoo kwapani, nimejiandaa kubembeleza wiki nzima. Akanipa palepale. Jogoo akamkataa. Aliniuliza jambo moja tu, kama tutachimba. Nikamwambia mashimo mawili ya nguzo, basi. Akasema mawili si neno, akaingia ndani na kurudishia mlango. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini mzee wa Kinamwanga anakataa jogoo. Lakini nilikuwa na furaha, na mwenye furaha haulizi.

Tulifyeka, tukasomba udongo wa vichuguu kwa toroli la nyapara, tukaumwagia maji na kuushindilia mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya kanisa. Mhunzi mmoja wa Mbozi alitukunjia pete mbili za chuma za pipa. Nguzo tulikata mikaratusi ya misheni. Kwa siku zote hizo hakuna mtu wa jirani aliyekuja kutusaidia, wala hata kusimama kutuangalia. Waliokuwa wakipita barabarani walikuwa wakihamia ukingo wa pili. Nililiona hilo, nikasema moyoni kwamba hawapendi mambo mageni.

Jioni ya kwanza ya mazoezi, jua bado liko juu, karani wa forodha alikuwa anakimbia na mpira kuelekea goli la magharibi. Dunda, dunda, dunda, halafu kimya. Mpira ulikuwa umetulia chini mbele ya miguu yake. Tulicheka tukasema umeishiwa upepo. Nikauokota, ulikuwa umejaa. Nikaudundisha hatua moja pembeni, ukaruka mpaka kifuani. Nikarudi nao palepale, nikautupa kwa nguvu. Ukatua, pu, kama umeangukia godoro, ukakaa.

Palikuwa kama ukubwa wa kitanda. Kesho yake tulipachimbua juu juu, tukamwaga udongo mpya wa kichuguu, tukashindilia sote saba kwa zamu. Ulipokauka ukawa mgumu kuliko sehemu nyingine. Nyapara aligonga kwa nyundo yake ya kuvunjia mawe, nyundo ikamrudia mkononi. Mpira haukurudi. Tulirudia kazi hiyo mara tatu. Baada ya mara ya tatu hakuna aliyependekeza tena, na bila mtu kumwambia mwenzake tukaanza kupazunguka. Ukitazama mazoezi yetu ungedhani kuna kitu kimelala pale, na sisi tunaheshimu usingizi wake.

Lililofuata ndilo lililonikosesha raha. Tulikuwa tunakimbia uwanja mzima, kwenda na kurudi, kutafuta pumzi. Mimi ndiye niliyekuwa napiga filimbi ya kusimama. Siku moja nilipiga, tukasimama sote, na hatua zikaendelea. Si nyingi, labda tatu au nne. Na hazikuwa hatua za kukimbia. Zilikuwa nzito, za taratibu, za mtu aliyeelemewa, na zilitoka chini ya nyayo zetu. Nilimtazama nyapara. Naye alikuwa ananitazama.

Ikawa hivyo karibu kila siku. Tukazoea, ikiwa mtu anaweza kuzoea jambo la namna hiyo. Maana yangu ni kwamba hatukulisema. Wale ndugu wawili kutoka ng'ambo walianza kuvua viatu kabla ya kuingia uwanjani, kama watu wanaoingia nyumba ya mkubwa. Nilipowauliza, mmoja alijibu kwa heshima, "Ni baridi tu, mukwai," jibu ambalo halikuwa na maana, kwani nani anavua viatu kwa ajili ya baridi?

Karani wa forodha ndiye aliyetaka kuumaliza wasiwasi. Alisema ni mwangwi, kwamba chini kuna mwamba wenye uwazi, na kwamba huko alikosoma amewahi kusikia habari za namna hiyo. Akatuambia tukimbie, yeye akalala kifudifudi pale mahali na sikio lake ardhini. Tulikimbia. Nikapiga filimbi. Tuliposimama aliendelea kulala. Alikaa hivyo muda mrefu sana, mpaka nyapara akamwita. Akainuka, akajipangusa sikio kwa leso, akaikunja leso vizuri na kuirudisha mfukoni.

"Wanatembea," akasema. "Wengi. Mmoja nyuma ya mwenzake."

Sikuwahi kumsikia akilitaja neno mwangwi tena.

Baridi ikaingia. Kwetu majira hayo ukungu hushuka mchana, unaweza kulisikia lori bila kuliona. Ndipo nilipomwona mama mmoja akisimama ukingoni mwa barabara wakati wa mazoezi. Nilimfahamu: alikuwa mjane, mpishi wa misheni, mwanamke wa kanisani ambaye sauti yake ilitangulia nyimbo zote Jumapili. Alikuwa na kama miaka hamsini na mitano. Alikuja kila siku na kapu lake tupu, anasimama usawa wa goli la magharibi, hakanyagi nyasi, na midomo yake inakwenda. Mwanzoni nilidhani anasali. Siku moja nikamsogelea, nikagundua anahesabu.

Nikamsalimu, nikamuuliza kama anatuhesabu sisi.

"Ninyi ni saba, Mwalimu, nimeshawajua," alisema. "Keti nikwambie."

Tuliketi juu ya jiwe la barabara. Alieleza bila haraka. Wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza alikuwa ndiyo kwanza ameolewa, binti mdogo. Watu wa Mwingereza walipita vijijini wakichukua wanaume kubeba mizigo ya askari; wapagazi hao waliitwa tengatenga. Mumewe alichukuliwa shambani na jembe likabaki limesimama kwenye tuta. Kambi ya tengatenga ilikuwa hapahapa, kwenye kipande hiki tambarare. Wake zao walileta unga, wanaupitishia juu ya ua wa miiba. Kisha ugonjwa wa kuhara ukaingia kambini, na askari walikuwa na haraka ya kuondoka.

"Walichimba handaki refu," alisema. "Wakawalaza kwa mstari, kama walivyokuwa wakitembea. Mimi nilikuwa pale kwenye kijito na mtungi. Niliwahesabu wakiingizwa mpaka nikapoteza hesabu."

Nikamuuliza kama mumewe alikuwamo.

"Sijui. Wengine waliondoka na mizigo siku ileile kwenda Rodesia, huenda alikuwa nao. Hakurudi. Lakini sikukuitia hilo, Mwalimu. Nataka ujue mnachokanyaga. Wengine walipofukiwa walikuwa bado wanaomba maji. Nilikuwa na mtungi uliojaa, na sikuthubutu kwenda."

Mpaka leo naikumbuka sauti aliyolisemea jambo hilo, sauti ya kawaida kabisa, kama ya kuagiza chumvi. Nyuma yetu wenzangu walikuwa wakicheza ndani ya ukungu, nasikia mpira ukidunda, na kila mara unapokaribia magharibi, unanyamaza.

Sasa nitasema nililofanya, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike haya. Katibu wa ligi alikuwa anakuja baada ya siku mbili. Nilifikiria barua, nikafikiria miezi minne ya kusomba udongo, nikafikiria Tunduma ikisomwa kwenye orodha pamoja na Mbeya na Tabora na Dar es Salaam. Nikamwomba yule mama anyamaze mpaka mgeni aondoke. Nilimwambia, "Mama, wamekaa miaka yote hiyo. Siku mbili ni nini?"

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akasema atanyamaza, kwa sababu kunyamaza ndiyo kazi anayoijua. Akachukua kapu lake akaenda zake.

Wenzangu sikuwaambia.

Katibu alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Mbeya, karani wa Kigoa, mfupi, suti ya kijivu, amebeba kamba ya kupimia iliyoviringishwa. Alipima uwanja urefu na upana, akapima kimo cha pete, akaridhika. Alisema ameona viwanja vibaya zaidi ya hiki katika miji yenye reli. Akataka atuone tukicheza, watatu kwa watatu, na mimi nikiwa mwamuzi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye pete. Yule mama alikuwa mahali pake barabarani, mikono kifuani.

Walicheza vizuri kuliko siku yoyote. Nadhani kila mmoja aliogopa kusimama. Nyapara aliupata mpira katikati, akawapita wawili, akaelekea magharibi, na kwa furaha ya kutazamwa na mgeni akasahau kupazunguka. Niliona mguu wake wa kulia unakwenda pale. Nilikuwa na filimbi mdomoni. Sikuipiga.

Ardhi ilifunguka taratibu, bila kishindo. Udongo ule ambao nyundo ilishindwa kuuvunja uliachia kama ugali wa maji, na mguu wake ukaingia mpaka pajani. Tulimkimbilia. Alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, hapigi kelele, anatutazama mmoja mmoja.

"Nimeshikwa," alisema kwa sauti ndogo. "Msinivute kwa nguvu. Nimeshikwa kifundo."

Tulimvuta sote, na katibu naye akavua koti akatusaidia. Kwa muda hakusogea hata kidogo. Wale ndugu wawili wakaanza kusema maneno ya Kinamwanga, taratibu, ya kuomba radhi, na aliposikia hayo yule mama barabarani akaingia uwanjani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikanyaga pale. Alipiga magoti kando ya shimo, akasema neno moja ndani yake, kwa lugha ya kwetu. Neno lenyewe ni la kawaida, la kumwambia mtu aache mzigo apumzike. Nyapara akatoka kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kiatu kilibaki chini, na hakuna aliyetaka kukifuata.

Tulipoinama tukaona. Siwezi kusema wangapi, kwa kuwa shimo lilikuwa dogo na mstari wenyewe ulikwenda chini ya uwanja wetu kuelekea goli la mashariki. Mifupa ilikuwa ya rangi ya udongo. Juu ya kila fuvu, mahali penye paji, palikuwa na ukanda wa magome uliokwisha oza, ukanda wa kubebea mzigo. Waliokuwa wamelala walikuwa bado wamevaa.

Katibu alivua kofia. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Wenzangu wote walikuwa pale, nyapara ameketi chini na mguu mmoja mtupu. Nikasema nilikuwa najua tangu juzi.

Karani wa forodha alitazama mbali, upande wa mpaka. Nyapara aliinua mguu wake akaanza kuufuta matope kwa kiganja, polepole, kama anamsafisha mtoto.

Yule mama alikuwa amechukua kitu kutoka kwenye udongo uliobomoka. Kilikuwa kibati kidogo cha duara chenye tundu, kile walichowafungia tengatenga shingoni. Vingine vilikuwa vimeliwa na kutu, hiki kilisomeka. Alinipa akasema nisome. Nikamuuliza kama ndiyo namba ya mumewe.

"Namba yake sikupata kuijua. Soma tu, Mwalimu. Kwa sauti."

Nikasoma. Ilikuwa namba ya tarakimu nne, sitaiandika hapa. Niliisoma mara moja, akataka mara ya pili, na mara ya tatu. Kisha akakichukua, akakirudisha kilipokuwa, na akaanza kusukuma udongo kwa mikono yake. Tulipiga magoti tukamsaidia, na yule Mgoa pia, suruali yake ya kijivu ikaharibika.

Katibu alipokuwa anasubiri basi la kurudi nilimuuliza, kwa haya, kama habari yetu imekwisha. Alifikiri. "Timu nimeiona," alisema. "Uwanja sijauona. Mkiwa nao, niandikieni."

Ofisi ya wilaya ilimtuma mtu, akaja akaandika, akaondoka. Mchungaji alikuja na kanisa lake, tukaimba, na yule mama akatangulia nyimbo kama kawaida. Tuling'oa nguzo na kupaacha paote nyasi. Sikutarajia timu ibaki. Wiki nzima nilikaa jioni nyumbani kwangu bila mtu kugonga. Jumatatu nilisikia majembe nyuma ya shule, upande wa mteremko ambao tangu mwanzo tuliukataa kwa kuwa ulihitaji kukatwa kama ngazi. Alikuwa nyapara, na watu wake wa barabara, na jumbe, na watu wa jirani, wanaume kwa wanawake, wale waliokuwa wakihama njia. Jumbe hakunisalimu. Alinipa jembe.

Ilituchukua mpaka mvua zilipokaribia. Uwanja ulikuwa mwembamba kidogo kuliko sheria, na ukipiga mpira vibaya upande wa chini unaufuata mpaka kijitoni, lakini ulidunda kila mahali. Niliutembea wote nikidundisha, hatua kwa hatua, kabla sijamwandikia katibu.

Mwaka uliofuata tukasomwa kwenye orodha. Karani wa forodha hakuwamo. Aliomba uhamisho, akaenda zake pwani, na badala yake tukampata mwalimu kutoka Vwawa. Yule mama hakusimama tena barabarani. Alihamia ng'ambo kwa wadogo zake, na niliambiwa huko kila jioni alikuwa akiweka mtungi wa maji nje ya mlango na hamruhusu mtu kuyanywa.

Nyapara alicheza. Hakuwahi kunilaumu kwa mdomo, na nadhani ningeona nafuu kama angenilaumu. Lakini mguu ule haukupona, kama kupona ndilo neno. Haukuwa na jeraha wala uvimbe. Ulikuwa wa baridi. Daktari wa Mbeya aliushika akashtuka, akampa dawa ya kuchua. Alivaa soksi mbili, za sufu, hata wakati wa jua la Oktoba, na mkewe aliniambia usiku anaufunga kanga ili usimguse.

Mechi yetu ya kwanza ya ligi ilikuwa Mbeya, kwenye sakafu ya saruji, mbele ya watu waliokuja kuona hao wa mpakani wanafananaje. Hadi mapumziko tulikuwa tumeachwa mbali sana. Nyapara peke yake ndiye aliyekuwa anacheza. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kiuno. Alikuja akaketi karibu yangu kwenye benchi, akavua kiatu, akavua soksi zote mbili, akaniwekea mguu juu ya goti.

"Hebu gusa," alisema. "Nahisi leo kama unapata joto."

Niliugusa, baridi yake ilikuwa ileile. Nikaushika kwa mikono yote miwili, kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo, na huko kwenye kifundo nilihisi mahali palipobonyea kidogo, kama alama za vidole.

Nikamwambia ndiyo, unapata joto. Alitabasamu, akavaa soksi zake, akafunga kamba za kiatu, akarudi uwanjani.